Dada Nyamizi na Shupaza Tano

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yenyewe ni ya mwaka juzi tu, palikuwa na fundi cherehani wa Tabora, jina lake Nyamizi. Cherehani yake ya miguu ilikwisha kufa mara tatu na kufufuliwa mara mbili. Mezani pamelala vitambaa vya sare za shule, sare arobaini, na shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili.

Basi Mama Chilewa, mwenye duka la cherehani kule Dodoma, akatangaza mashindano ya poka kwenye simu. Hakuna kuweka hela: kila mchezaji anapewa alama sawa, na mshindi anachukua cherehani mpya ya umeme. Poka mnaijua? Kila mtu ana karata mbili za siri, na tano zinawekwa wazi kwa wote. Mwenye karata bora anazoa alama. Lakini asiye na kitu naye anaweza kuzoa, akiwatisha wenzake mpaka watupe zao. Ndiyo maana pembeni ya karata pana mahali pa kuandikiana, na humo ndimo watu wanamolizana.

Wakacheza wengi, wakabaki watatu. Nyamizi mwenyewe. Mwalimu Hiza, mstaafu wa Lushoto, ambaye haandiki ila "habari za mchana" na "kwaherini". Na Pazi wa Kisarawe, Mzaramo, mtu wa mdomo.

Sasa, Nyamizi ni Mnyamwezi, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akichukua kuku wako, humdai. Wala msidhani utani ni kelele tupu. Nyamizi alipofiwa na baba yake, Pazi huyu alipanda basi kutoka Kisarawe, akachimba kaburi, kisha akalala ndani yake akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Waliokuwa wanalia wakacheka. Tangu siku ile Nyamizi alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Jumamosi mchana wakaanza.

"Mnyamwezi, acha karata, rudi ukabebe mizigo!" akaandika Pazi.

"Mzaramo, ngoma imelia huko, kimbia, watakumalizia pilau!" akajibu Nyamizi.

Wakaenda hivyo, tusi kwa tusi, kicheko kwa kicheko. Ukafika mkono mmoja, yaani mzunguko mmoja wa karata. Nyamizi ana malkia wawili mkononi, na malkia wa tatu yuko wazi mezani. Malkia watatu! Mwalimu Hiza amekwisha kutupa zake. Lakini mezani pia pana karata tatu za aina moja, shupaza, na mwenye shupaza mbili mkononi anatimiza tano, na tano zinawapiga malkia. Pazi akasukuma alama zake zote. Kisha akaandika, na safari hii hakuandika "Mnyamwezi".

"Dada Nyamizi. Leo utani nauweka pembeni. Nina shupaza mbili, zimetimia tano. Tupa zako ubaki mchezoni. Sitaki utoke kwa mkono wangu."

Nyamizi akachanganyikiwa. Akifuata kwa alama zake zote akashindwa, ametoka. Akitupa, anabaki na alama chache, za kumwomba Mungu tu. Mtani akisema hatanii, je, si hapo ndipo anapotania? Lakini huyu hajamwita dada hata siku moja. Hata kaburini hakumwita dada. Sekunde zinakimbia. Akaandika, "Mwalimu, wewe ni mtu mzima. Huyu ananitania au hanitanii?"

Sheria ya Mama Chilewa ilikuwa wazi: aliyetupa karata asiseme neno mpaka mkono uishe. Mwalimu aliijua, aliisoma mara mbili. Lakini aliona mtoto anamuuliza mkubwa, naye mkubwa anakaaje kimya?

"Binti yangu, mtu akikuita dada akaweka utani kando, heshimu neno lake."

Nyamizi akatupa malkia watatu.

Pazi akafunua zake: tatu ya kopa na saba ya uru. Hana hata jozi! "Mnyamwezi umeliwa!" Baada ya mikono sita Nyamizi akatoka, Mwalimu akafuata, cherehani ikawa ya Pazi.

Hadithi ingekuwa imeisha, lakini Mwalimu Hiza hakulala kwa raha. Akampigia Mama Chilewa, akajishtaki mwenyewe. Mama Chilewa akawaita wote watatu Dodoma.

Pazi alifika wa kwanza, akakalia boksi la cherehani. "Mama, sheria zako nimezisoma. Wapi pameandikwa uongo marufuku? Na huyu ni mtani wangu. Mtani hawezi kuuweka utani pembeni, hata akisema ameuweka. Mke wangu naye anajua kushona."

Mwalimu akasema, "Kosa ni langu. Uongo wake ulisimama kwa mguu mmoja, mimi nikaupa wa pili. Mchezo urudiwe."

Nyamizi akasema, "Karata bora nilikuwa nazo mimi." Halafu akakumbuka ni nani aliyemuuliza Mwalimu.

Mama Chilewa akamgeukia. "Mwalimu kavunja sheria, lakini wewe ndiye uliyemvunjisha. Pazi hakuvunja sheria yangu. Kama kavunja, kavunja yenu ya utani, na yenu unaijua wewe. Sema neno moja, mwanangu. Alikutania, au alikudhulumu? Ukisema alikudhulumu, mnarudia leo hii. Ukisema alikutania, boksi linabebwa."

Pazi aliyekuwa anacheka akaacha kucheka.

Nyamizi alimtazama usoni. Akisema dhuluma, amemwita mtani wake mwizi mbele za watu, na utani ukifia hapo haufufuki. Akisema utani, anarudi Tabora mikono mitupu. Na kinachomuuma zaidi, bado hajui: aliyeandika "dada" alikuwa Pazi yupi?

Akafungua mdomo. Mimi nafunga wangu, na nyinyi msiniangalie mimi. Mmoja alidanganya, mmoja alishauri, mmoja aliuliza kisha akatupa. Je, Nyamizi aseme neno gani? Na cherehani ile, kwa haki, ni ya nani?