Zimwi Lililonasa Kisimani

Paukwa!
Pakawa!
Ndoo ikashuka!
Ikapanda na maji!
Na isipopanda na maji?
Tutameza mate!

Basi hapo kale palikuwa na mwanamke, jina lake Mashavu, akikaa shambani na mumewe Kombo na watoto wao wawili. Nyuma ya nyumba walikuwa na kisima cha maji matamu, ukinywa hutaki kushusha kata.

Watoto hao walikuwa wakigombea ukoko wa wali, kama nyinyi mchana huu, msidhani sikuwasikia. Mashavu akachoka na makelele. Akawa kila akipakua anabeba sufuria hadi kisimani, anaukwangua ukoko na kuutumbukiza humo. Nyumba ikatulia.

Siku moja akateremsha ndoo, ikapanda tupu. Akateremsha tena, tupu. Akateremsha tena, ndoo ikashikwa huko chini, na sauti nzito ikasema:

"Nani huyu anateremsha ndoo bila ukoko?"

Lilikuwa zimwi. Harufu ya ukoko ilikuwa imelitoa msituni, likaingia kisimani na kukaa.

"Lete ukoko nikupe maji. Usipoleta, natoka, nakuja, nawala watoto wako!"

Mashavu akakimbilia jikoni, akaunguza wali makusudi. Zimwi likala, likajaza ndoo.

Kesho yake likataka zaidi. "Usipoongeza, natoka, nakuja, nawala watoto wako!"

Basi Mashavu akaunguza sufuria mbili. Kombo akaisukuma sahani.

"Mke wangu, siku hizi unapika au unachoma mkaa?"

"Kula tu, baba Subira," Mashavu akajibu. Aliona haya kusema alichokifanya.

Siku moja ndoo ikapanda na tope tupu. Mchele nao umekwisha, na watoto midomo imewakauka kwa kiu.

"Ukoko uko wapi?" zimwi likanguruma. "Natoka, nakuja, nawala watoto wako!"

Mashavu akakaa chini akalia. Alipokwisha kulia akajiuliza: linasema linatoka, mbona halitoki? Akajikaza, akachungulia. Lo! Tumbo la zimwi limeziba kisima ukuta kwa ukuta, na maji yote yamebanwa chini yake.

"Wewe zimwi, umenasa?"

Zimwi likafumba macho.

"Umenasa?"

Zimwi likakohoa.

"Umenasa?"

"Nimenasa, mama," likasema kwa sauti ndogo. "Lakini nikitoka nawala vilevile."

Sasa huo ndio mtihani. Likibaki, watakufa kwa kiu. Likivutwa, litawala watoto. Mashavu akaenda akamweleza mumewe yote, asifiche hata chembe. Kombo akashika kichwa. Ndipo binti yao Subira akasema:

"Mama, si wewe unayetuambia mla ukoko siku ya harusi yake mvua hunyesha? Na hilo limekula ukoko kiasi gani?"

Wakatazamana, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Basi Mashavu akajifunga kanga, akaenda vichakani kwa Bi Kucha, zimwi-jike ambaye hakuwahi kupata mchumba.

"Bi Kucha, nimekuletea posa."

"Ni mnene?"

"Amejaa kisima kizima."

"Nimekubali. Lakini mimi nina wivu. Mume wangu hali ila nilichompikia mimi."

"Ndivyo nitakavyo na mimi," Mashavu akasema.

Wakaja wote mpaka kisimani. Zimwi likaulizwa kama linataka mke.

"Anajua kuunguza wali?"

"Hajapata kupika ambao haukuungua."

"Basi namtaka!"

Harusi ikaanza hapohapo. Kombo akapiga debe, Mashavu akapiga vigelegele. Mara wingu likatanda, jeusi, na mvua ikamwagika. Maji yakaingia kisimani, yakapanda, yakalisukuma zimwi, hilo likachomoka na kutua uwanjani, pwaa!

Likaangaza macho, likawaona watoto, likalamba midomo. Mashavu akawakumbatia wanawe. Jamani, aliogopa siku ile kuliko siku zote.

Bi Kucha akalishika sikio bwana harusi wake.

"Unatazama chakula cha nani?"

"Natazama mvua tu, mke wangu."

"Unatazama chakula cha nani?"

"Natazama mvua, nakuapia."

"Twende nyumbani. Nitakupikia mimi, utakula nikupacho, na utasema asante."

Akaliburuta kwa sikio mpaka msituni, nalo likienda linasema, "Polepole, mke wangu, polepole." Kisima kikafurika, watoto wakanywa mpaka matumbo yakalia kwa maji. Na ukoko? Kuanzia siku ile Mashavu aliukata nusu kwa nusu, kila mtoto na kipande chake.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa kisima. Mwenye kiu achote. Wanangu, mdomo wa kisima si jaa la makombo. Na mtu akikutisha kila siku wala haji, nenda kamchungulie.