Miti Isiyo na Alama

Hapo zamani za kale, mbali huko Bara Hindi, wanyama walikuwa na nyumba, wake na wakwe, na walisengenyana kama sisi. Wewe, toa kidole puani usikilize.

Kindi alikaa na wanawe kwenye tundu la mti mkubwa, kando ya njia ya tembo. Kila kiangazi tembo walipita hapo kwenda mtoni. Kindi aliwapenda. Si kwa huruma, huruma haishibishi! Tembo wakipita huangusha matunda ya juu, na wakinya, mbegu zinaota. Msitu ule wote ulitoka matumboni mwao.

Asubuhi moja, ko! ko! ko! Nyumba ikatikisika. Kindi akachungulia. Chini, Chui Milia na Dubu, kila mmoja na shoka lake.

"Nyie! Hamjui kubisha hodi?"

"Shuka huko, mkia mtupu wewe," Dubu akanguruma. "Tunataka magogo. Tunajenga ukuta, tembo wasipite tena. Wananivunjia mizinga ya asali."

"Mimi wananiamshia watoto," akasema Chui Milia.

"Sasa watakunywa wapi?"

"Wazungukie mashambani kwa binadamu."

"Binadamu wana mishale!"

"Shauri yao."

Kindi akatupa jicho tunduni. Wanawe wamo ndani, macho hawajafumbua.

Sasa jueni: Chui Milia akitaka mti uwe wake, huukwaruza kwa kucha. Dubu hujisugua mgongo mpaka manyoya yanase. Na kila mmoja humwona mwenzake mwizi. Hilo Kindi alilijua vizuri.

"Haya, baba zangu, kateni," akasema kwa sauti tamu. "Ila Bwana Chui, hizi alama za kucha shinani si zako? Kumbe Dubu kaona aanze na mti wako!"

Chui Milia akageuka polepole. "Enhe, Dubu. Kwa nini wangu?"

"Ningejuaje mimi? Chagua mwingine."

"Ule pale."

"Ule una manyoya yangu! Mwizi mkubwa!"

"Nani mwizi?"

"Jamani, wazee wazima!" Kindi akapiga makofi. "Kateni miti isiyo na alama. Kwanza kila mmoja aweke alama kwenye yake, mwenziwe asije akakosea."

"Yangu ni mingi," Chui Milia akawahi.

"Yangu zaidi!"

Wakatimua mbio. Krwaa! krwaa! huyu anakwaruza. Swagu! swagu! yule anajisugua. Miti mikubwa, miche, mpaka mianzi. Jua likapanda, likaanza kushuka. Chui Milia kucha zikawa butu kama kijiko, Dubu mgongo ukabaki ngozi tupu.

"Haya," akasema Kindi, "upi hauna alama?"

Wakatazama huku, wakatazama kule. Hakuna hata mmoja.

"Kata mmoja wako," akasema Chui Milia.

"Kata wako wewe!"

"Gusa wangu uone!"

Wakaketi, shoka magotini, wanatazamana.

Mara, du! du! du! Tembo hao! Bibi yao mzee mbele, ndama katikati, ndimi zimekauka. Bibi akayaona mashoka, akasimama. "Kuna nini hapa? Turudi?"

"Piteni, bibi," akasema Kindi. "Hao ni walinzi wa miti."

"Nani kawaajiri?"

"Wamejiajiri wenyewe."

Tembo wakapita. Dubu akang'aka, "Chui, wafukuze!"

"Niondoke ukate miti yangu? Wafukuze wewe!"

"Mimi siinuki!"

Hakuinuka mtu. Ndama wa mwisho akapita katikati yao akinusa maji, akawapiga wote wawili kwa kimkia chake, chwap! chwap! Kindi alicheka nusura aanguke kutoka tunduni.

Basi, mwenye nguvu akiwa mchoyo usishindane naye. Mpe kitu cha kulinda, ukae pembeni.