Vitunguu vya Shangazi Namkunda

Mtu mmoja aitwaye Senkondo alikuwa na bustani ya spinachi nyuma ya jiko, lakini mikono iliyoipanda ilikuwa ya shangazi yake, Namkunda, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Namkunda aliizungushia spinachi vitunguu, wadudu wakereke na harufu wapite mbali. Upande wa jua la alasiri alipanda maharage, yakatambaa mitini yakawa kivuli. Spinachi ikanawiri, majani mapana kama sinia.

Binti wa Senkondo akaposwa. Wakwe wakasema watakuja mwezi ujao kumalizia mazungumzo. Ndipo Senkondo akaitazama bustani kwa macho ya wageni, akaona aibu. Vitunguu vinanuka mpaka barazani! Maharage yamekuwa kichaka! Akang'oa vyote, ikabaki spinachi peke yake, safi, imejipanga mistari.

Kisha akamtazama shangazi. Huyu naye mdomo wake unachoma, atawaudhi wakwe. Akamfungia mzigo, akampeleka kwa jamaa ng'ambo ya mto, eti akapumzike. Namkunda hakulia. Alikwenda amekaza taya kwa hasira, maana aliyemfukuza ni yule yule ambaye yeye alimtafunia chakula alipokuwa mchanga hana meno.

Siku ya wageni ikafika. Spinachi ilikuwa imeungua kwa jua, na palipobaki jani pamejaa wadudu wa vidukari. Wageni wakala ugali kwa chumvi, wakatazamana, wakacheka. Wakaona pia kwamba nyumba ile haina wa kuwajibu. Wakamkagua binti kama mbuzi wa mnadani. Wakasema cherehani yake aiache, kwao atalima. Kila neno Senkondo akaitikia, "Sawa, wakwe zangu." Binti alikuwa jikoni, ameuma khanga asisikike.

Kulipokucha Senkondo akavuka mto, akapiga magoti. "Shangazi, rudi. Wanamtafuna mtoto nami sina la kusema."

Namkunda alikuwa akipalilia vitunguu vya watu. Hakuinua kichwa. "Mimi si nilikuwa nanuka, Senkondo? Haya, nenda kawanuse wakwe zako."

Akaendelea kupalilia.

Nanyi mnaotikisa vichwa kumlaani Senkondo, semeni: kwenu mmemng'oa nani kwa sababu ya harufu yake, na sasa ni nani anayewalia majani yenu?