Mpira Uliokwama Majengo

Ndani ya banda lake la michezo ya video, Mwajabu alikuwa ameifungua pedi ya gemu, kile kidude cha kuchezea mkononi, anaitoa vumbi kwa mswaki mkuukuu, mdogo wake Naima alipopiga ukelele.

"Imeganda tena! Na niko mbele ya goli!"

Mwajabu akatupa jicho ng'ambo ya barabara, kwenye banda la Elisha. Zamani mashine zake na za Elisha, zilizotengenezwa na kampuni hasimu, hazikuweza kucheza pamoja kabisa. Siku hizi gemu ya mpira iliziunganisha kwa intaneti, kila mtu akacheza akiwa bandani kwake. Jioni hiyo Naima alishindana na Seth, mchezaji hodari wa Elisha, kuwania nafasi moja ya kuuwakilisha mtaa wa Majengo kwenye mashindano ya mkoa. Mbona mashine ya Naima tu ndiyo iliyoganda?

"Wanatufanyia mchezo mchafu," Mwajabu alinong'ona.

Alivuka barabara, uso ameukunja kama ngozi iliyoanikwa juani.

"Elisha, simamisha mchezo! Mmeifanya nini mashine yetu?"

"Karibu kwanza, mtani," Elisha alicheka. "Nyie watu wa Kondoa mmezoea milima, uwanja tambarare unawashinda!"

"Leo sitanii."

Elisha akaacha kucheka. "Basi tubadilishane viti. Naima aje hapa, Seth aende kwako. Mwenye hila ataonekana."

Wakabadilishana. Kwa Elisha, Naima alitiririka kama maji ya bwawa la Mtera yaliyofunguliwa. Kwa Mwajabu, Seth alikwama hata kabla ya pasi ya pili.

"Dada, ruta yenu iko wapi?" Seth aliuliza.

Mwajabu aliinama, akafungua sanduku la bati chini ya meza. Humo ndimo alimoificha ruta, kile kifaa kinachorusha intaneti, ameizungushia kanga mbili: vumbi lisiiingie, na jicho la Elisha lisiione. Ilikuwa ya moto kama kigae cha jikoni. Ndani ya bati na nguo, intaneti ingetokea wapi?

"Kumbe umemkaba mchezaji wako mwenyewe," Elisha, aliyekuwa amemfuata Seth, alisema taratibu.

"Nisamehe, mtani."

Kiza kilikuwa kinaingia. Walikubaliana mchezo uanze upya kesho, ruta ikishatundikwa ukutani. Pedi ilibaki wazi mezani, skrubu zake ndani ya kizibo cha soda. Mwajabu alizikunja kanga zake. Adui aliyemtafuta kwa jirani, alikuwa amemfunika mwenyewe chini ya meza yake. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.