Kwa Nini Kaa wa Shambani Huenda Upande

Zamani hizo kaa alitembea mbele kwa mbele kama watu wenye adabu zao, na mkulima wa bondeni akishaingiza maji ya mto kwenye jaruba lake la mpunga, alikuwa hayaruhusu kutoka. Tuta lilizibwa pande zote. Maji yalikuwa kama bwana harusi: akishaingia, mlango unafungwa.

Jua nalo lilikuja kila siku kunywa. Lakini jua lina ustaarabu wake: hunywa maji, ile chumvi kidogo iliyokuja nayo huisusa. Chumvi ikabaki, ikazidi, hata bonde likawa jeupe kama limenyunyiziwa unga. Mpunga ukaungua ncha, ukadumaa, ukafa kwa kiu huku umesimama ndani ya maji.

Nyamvula, mke wa Mwatela, alipanda mara mbili, akapoteza mara mbili. Kibuyuni zilibaki mbegu za mwisho. Kila asubuhi alikitikisa kibuyu, akasikiliza, kisha akatazama kando, maana wanawe nao walikuwa wanasikiliza.

Siku moja yeye na mumewe wakakuta kaa ametoboa tuta, maji yanatoka mbio kuelekea mkondoni.

"Mwizi!" Mwatela akanyanyua jembe. "Kiangazi chote hiki, unanimwagia maji?"

Kaa akakimbia mbele moja kwa moja, kwa kujiamini, na jembe likamshukia ubavuni.

Nyamvula alikuwa ameshachovya kidole kwenye maji yale. Akaonja, akatema. "Weka jembe, baba watoto. Hii ni chumvi inahama."

"Na sisi tutahamia wapi maji yakiisha?"

Nyamvula akainama kwenye tuta. Akalipanua tundu. Majirani wakajipanga kwenye matuta yao: "Mwatela, mkeo anaogesha matope! Usisahau kumnunulia sabuni!"

Jaruba likakauka. Akafungulia maji mapya ya mto, akayaacha yalowanishe udongo, akayatoa, akaonja. Bado. Akarudia, huku mto nao ukipungua na usingizi ukimkimbia. Siku maji yaliyotoka yalipokuwa na ladha ya tope tupu, akakipindua kibuyu. Kibuyu kikanyamaza.

Kungoja kukawa kubaya kuliko kupanda. Watoto walilala njaa bila kuuliza chochote, na huko kutouliza ndiko kulikomtisha zaidi. Hata asubuhi moja jaruba likaamka kijani, ncha zote nzima. Majirani wakaja na majembe yao, safari hii bila kicheko, kuuliza tundu hutobolewa upande gani.

Na tangu siku hiyo, watu wa bondeni hawapandi kabla ya kuuosha udongo na kuonja maji yanayotoka, na tundu la kaa halizibwi kwa hasira. Kaa mwenyewe huenda upande mpaka leo, macho ameyainua juu, akichungulia jembe liko wapi. Mwatela alimwomba radhi, tena sana. Lakini wewe ungemwamini mtu anayeomba radhi huku ameshika jembe?