Jini Aliyepigiwa Magoti

Wasimulizi wa kale wametufikishia, na Mungu ndiye mjuzi wa yaliyofichika, kwamba katika nchi ya Wafaranji, kwenye mji wa Monferanti, alitawala mfalme jina lake Adelari bin Gontrani, mwenye askari wengi na hazina nzito na moyo uliopasuka. Moyo huo ulipasuka kwa sababu alikwenda vita vya msalaba huko Misri pamoja na Tibo, mwanawe wa pekee, na akarudi peke yake. Wala hakumwona akifa. Vumbi lilipanda karibu na Dimyati, na lilipotulia, Tibo hakuwapo, basi.

Alipokuwa njiani kurudi, mfanyabiashara mmoja wa Konstantinia akamuuzia chupa ya bilauri yenye kimo cha kiganja, akamwapia kwa viapo vizito kwamba ndani yake mna chozi la mtakatifu. Mfalme akaichukua kwa mikono miwili, na alipofika kwake akaamuru ijengwe nyumba ya kuiweka, nyumba ambayo kuta zake zote ni vioo vya rangi, ili anayeingia adhani ameingia ndani ya johari. Na juu ya mafundi wote akamweka mateka wa vita, Kutaiba bin Nasri, Mwarabu wa mji wa Halabi, aliyekijua kioo kama mpishi ajuavyo chumvi. Akamwahidi uhuru wake siku nyumba itakapokamilika, na kwa ahadi hiyo Kutaiba akafanya kazi miaka minne, akila mkate wa ugenini na kuhesabu madirisha.

Na ada ya mafundi wale ni kwamba hupaka meza pana chokaa, wakachora juu yake kwa mkaa picha ya dirisha zima, kisha wakavikata vioo kwa chuma cha moto kuufuata mchoro. Aliyesaga rangi alikuwa Ermenjadi, mjane wa fundi, mwanamke mwenye ulimi mkali na jicho lisilokosea. Basi likabaki dirisha moja tu, na mfalme hakuweza kusubiri zaidi, akaiweka chupa mahali pake na kufungua milango, na mji mzima ukaingia, ukapiga magoti na kuomba.

Hapo ndipo zilipoanza ajabu zisizo na kichwa wala miguu. Mkulima aliomba mvua, na dobi akaomba jua, ikawa mvua inanyesha mji mzima isipokuwa juu ya kamba ya dobi. Wanawake wawili waliomba, kila mmoja, mwanamume yule yule awe mume wake peke yake, na maskini yule akawa anakwenda mpaka mlangoni kwa huyu, anageuka, anakwenda mlangoni kwa yule, anageuka, hata viatu vikatoboka. Mwoka mikate aliomba mkate wake uwe mkubwa, na jirani yake akaomba uwe mdogo, basi ukiununua ulikuwa unavimba na kusinyaa mkononi kama chura. Watu walicheka, kisha wakaogopa, kisha hawakujua wafanye lipi, wakazidi kuomba.

Naye mfalme aliomba neno moja tu: "Nirudishie mwanangu." Asubuhi ya kwanza akakuta chini ya chupa glavu ya Tibo. Ya pili, kiatu kimoja. Ya tatu, farasi wake, mzima, amelowa maji ya bahari, analia ndani ya nyumba ya vioo na kuogopa kivuli chake chekundu. Mfalme akamkumbatia farasi shingoni, akasema kwa furaha, "Mwanangu yu njiani! Ametanguliza mizigo."

Lakini siku arobaini zikapita na Tibo hakuja. Mfalme akamwita Kutaiba, akamwambia, "Ewe fundi, mbinguni hapakosewi, basi kosa limo katika vioo vyako. Nuru inapita vibaya na mwanangu anapotea njia. Nakupa siku saba. Asipofika, kichwa chako nitakiondoa, na uhuru wako ndio huo."

Kutaiba akasema, "Nimesikia na nimetii, bwana wangu," lakini hakuelewa kosa liko wapi. Akapanda ngazi, akakagua kipande kwa kipande, akagonga kwa kucha, akanusa, hata akalamba. Vioo vilikuwa vizima kuliko yeye.

Siku ya sita, adhuhuri, wakati watu wamekwenda kula, akasikia sauti ndani ya chupa. Wenyeji waliisikia kila siku kama uvumi wa nyuki, wakasema ni malaika anaimba. Lakini Kutaiba, aliyekuwa anaikaribia chupa hivyo kwa mara ya kwanza, alisikia Kiarabu safi, na mwenye kusema alikuwa analia.

"Ni nani humo?" akauliza.

"Alhamdulillahi, mtu wa kusema naye! Mimi ni jini Barkashi, nimefungwa humu miaka mia nne. Sharti langu ni kwamba apigaye magoti mbele ya chupa na kutaja haja yake, huyo ndiye bwana wangu. Kwetu alipiga mmoja, labda wawili kwa karne. Hawa ni watu gani? Wanapiga magoti wote! Kila siku! Haja zao nazifahamu, lakini nina mabwana elfu sita na kila mmoja anataka kinyume cha mwenzake. Nimechanganyikiwa, ndugu yangu. Sijui hata jina langu vizuri."

"Na mtoto wa mfalme?"

Jini akasema, "Wafu si mamlaka yangu. Naleta kile ninachoweza."

Kutaiba akashuka, akaketi sakafuni, akamweleza Ermenjadi kila kitu. Ermenjadi akaacha kusaga. "Ukimwambia atakuua," akasema. "Usipomwambia atakuua. Basi bora ufe na ukweli mdomoni, angalau mimi nitajua nimelilia nini." Na kwa maneno hayo Kutaiba akafahamu kwamba yuko mtu atakayemlilia, akashangaa kuliko alivyomshangaa jini.

Siku ya saba mfalme akaja, na Kutaiba akainama mbele yake, akasema, "Ewe mfalme wa zama, vioo havina kosa. Ndani ya chupa hamna chozi. Mna jini aliyefungwa, na anasema mwanao amekufa."

Mfalme akachomoa upanga mpaka nusu. Kisha mkono ukasita hapo hapo, kwa maana jambo ambalo mtu analijua moyoni halihitaji kusemwa mara mbili. "Muulize yuko wapi," akasema.

Jini akasema, na Kutaiba akatafsiri: "Yuko chini ya mkwaju, nje ya Dimyati. Aliyemzika ni mwanamke wa kijijini. Alimwosha uso kwanza, kwa maji ya mtungi wake, maana naye mwanawe alipotea katika vumbi lile lile, na hakumpata ili amwoshe."

Mfalme akalia kwa sauti, mbele ya farasi na mbele ya watu, na hakujificha. Alipotulia akauliza, "Huyo aliyemo humo, ana mama?"

Kutaiba akamuuliza jini, akatafsiri jibu: "Anaye, bwana wangu. Nyuma ya mlima Kafu, ukingoni mwa dunia. Anamngoja miaka mia nne."

"Mimi nimengoja siku arobaini na saba tu na nimekaribia kumuua mtu," akasema mfalme. Akapiga magoti, naye ni bwana wa jini kama wengine, akaiambia chupa, "Haja yangu ni moja. Nenda kwa mama yako."

Na kwa kuwa hakuna aliyeomba kinyume cha haja hiyo, chupa ikaangaza mara moja, na uvumi ukakoma. Nje mvua ikaanguka juu ya nguo za dobi, na yule mume wa wanawake wawili akakaa chini katikati ya njia, akavua viatu.

Kutaiba akapewa uhuru wake na dhahabu ya kumtosha, naye hakuondoka mpaka alipolimaliza dirisha la mwisho, na hilo alilimaliza kwa hiari. Juu ya meza ya chokaa akamchora mwanamke wa Kimisri mwenye mtungi, anamwosha uso kijana wa Kifaranji, na Ermenjadi akasaga samawati ya mtungi kwa mkono wake. Kisha wakaoana, wakashika njia ya Halabi, wakagombana kuhusu mizigo tangu lango la mji.

Nao watu wa Monferanti waliendelea kupiga magoti mbele ya chupa tupu, na hawakuona tofauti, isipokuwa mkate ulitulia. Waliosikia habari ya jini hawakuisadiki; mfalme pekee aliamini, naye alikuja kila asubuhi, haombi kitu, anakaa chini ya dirisha la mtungi. Basi ewe unayeomba, kumbuka kwamba unayemwomba huenda naye anangojwa kwao. Haya niliyapokea nikayatoa kama yalivyo, na ulimi wangu umepumzika.