Baba wa Sinag

Ndugu zangu, leo siwapeleki Yerusalemu wala Samaria. Tunakwenda mbali zaidi, mashariki kabisa, kwenye visiwa vya Wafilipino, na nauli yake ni kunyamaza na kusikiliza. Wanakwaya, maji mtakunywa baadaye.

Watu wale walitawaliwa na Wahispania zaidi ya miaka mia tatu. Sisi tuliotawaliwa miaka sabini na ushei bado tunalalamika mpaka leo, na tuna haki ya kulalamika. Sasa mfikirie mtu ambaye babu wa babu wa babu yake alizaliwa akamkuta mgeni amekwisha kalia kiti. Huyo hata hajui nyumba ilikuwaje kabla mgeni hajaingia.

Katika visiwa hivyo, kijiji cha kando ya mto, alikuwako msuka makuti mmoja. Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia mtoto mmoja wa kiume. Kanisani mtoto alibatizwa kwa jina la mtakatifu, likaandikwa kwenye kitabu cha padri, na likakaa humo humo kitabuni. Nyumbani na kijijini aliitwa Sinag, maana yake mwali wa jua. Na watu wale walikuwa na desturi kama ya kwetu: ukishapata mtoto, jina lako limekwisha kazi. Hapa mtu anaitwa Baba Neema mpaka siku ya mazishi yake ndipo tunashangaa kusikia kumbe alikuwa Zebedayo. Kwao walisema Ama ni Sinag, yaani baba wa Sinag, na kwa kuwa ulimi una haraka, maneno mawili yakawa moja: Amani Sinag. Akina Amani mliomo humu ndani, tulieni, hamjatajwa ninyi. Kwao halina habari ya utulivu neno hilo. Ni "baba wa", basi.

Na yule mzee alilipenda. Akipita na mzigo wa makuti kichwani, watu wakimwita kutoka madirishani, Amani Sinag, Amani Sinag, mgongo ulimnyooka wenyewe.

Sasa serikali ya wageni ilikuwa na sheria yake. Mwanamume, asipokuwa mkubwa wa mji, ataifanyia kazi siku arobaini kila mwaka. Sinag alipofika umri, akapelekwa milimani kukokota magogo ya kuundia merikebu. Siku arobaini, ndugu zangu. Si nyingi. Hata Bwana wetu alikaa jangwani siku arobaini akarudi.

Siku ya arobaini na moja yule baba alipika wali wa watu wawili. Siku ya arobaini na mbili akapika vile vile. Mwezi ukaisha, akaendelea kupika wa watu wawili na kula wa mtu mmoja, ule mwingine akiwapa kuku. Wenzake Sinag walirudi. Mmoja alisema walitenganishwa bandarini, mwingine alisema alimwona akipandishwa merikebuni kwa nguvu kwa sababu mabaharia walipungua. Hakuna aliyekuwa na uhakika. Mwaka ukapita, miwili, sita.

Huo ndio upweke mbaya kuliko wote, ninyi mnaojua mnajua. Aliyefiwa ana kaburi la kupalilia. Huyu hakuwa na kaburi wala mtoto. Alikuwa na jina tu. Kila asubuhi jirani yake, mama mmoja mpika mikate ya mchele, aliita kutoka ng'ambo ya ua, "Amani Sinag, umeamkaje?" naye akajibu, "Salama," huku moyo unamkatika. Maana kila salamu ilimuuliza swali asiloweza kulijibu. Baba wa Sinag. Sinag yuko wapi?

Ndipo siku moja karani akaja na kitabu.

Gavana wa visiwa alikuwa ameamuru, na jambo hili limo katika historia, kwamba kila kaya ichukue jina la ukoo kutoka kwenye orodha moja kubwa, ili serikali iweze kuwahesabu vizuri. Kurasa za orodha ziligawanywa, mji huu herufi hii, mji ule herufi ile. Kijiji cha msuka makuti kikaangukiwa na herufi F. Na lugha yao haina F! Wakijaribu inatoka P, kama vile kwetu wapo ambao r na l zimewapiga chenga tangu utoto, na siwatazami. Karani akasoma, "Wewe tangu leo ni Fajardo. Sema." Mzee akasema, "Pahardo," maana j ya Wahispania husomwa h. Karani akasema, "Fa." Mzee akasema, "Pa." Ikaendelea hivyo hadi karani akachoka, akaandika anavyotaka yeye, akampa karatasi. Akaonya kwamba atakayeendelea kutumia jina la zamani ataadhibiwa.

Wenzake walirudi nyumbani wakicheka na wengine wakinung'unika, na jioni ile ile wakaendelea kuitana majina yao ya siku zote. Mnafikiri serikali ingeweza kusimama chini ya kila dirisha kusikiliza? Isingeweza. Lakini msuka makuti alikaa na ile karatasi mapajani, akaitazama. Akaona kitu ambacho wengine hawakukiona. Fajardo hana mtoto. Fajardo hakumpeleka mtu milimani. Fajardo hangoji mtu.

Kesho yake jirani akaita, "Amani Sinag, umeamkaje?"

Akamjibu, "Mama, huyo alishakufa. Mimi ni Pahardo."

Yule mama alidhani ni mzaha, akacheka. Mzee hakucheka. Keshokutwa akarudia, na siku iliyofuata pia. Aliyemwita kwa jina lile hakuitikiwa, aliyelirudia alinuniwa. Ukweli usemwe, watu wakazoea. Wakamwita Pahardo. Akaanza kupika wali wa mtu mmoja, na akasema moyoni, sasa nimepumzika.

Alipumzika? Ninyi mliowahi kuficha picha ya mtu chini ya sanduku, nijibuni. Mlipumzika?

Ukapita mwaka na zaidi. Asubuhi moja, mvua imekatika sasa hivi, akaja mtu mgeni kwa ngalawa ya mtoni. Mtu wa makamo, anachechemea, amevaa koti la vibarua wa bandari ya serikali. Akamwendea mama wa mikate, akamuuliza, "Anakaa wapi Ama ni Sinag?" Yule mama akaliona koti, akakumbuka onyo la karani, akakumbuka na ukali wa mzee. Alielekeza kidole tu, nyumba ya mwisho.

Nyumba zao zimeinuliwa juu ya nguzo, na hodi yao ni hii: mgeni anasimama chini ya ngazi na kusema "Tao po", maana yake "ni mtu hapa, mzee". Haombi mlango. Anasema kwamba yeye ni mtu. Mwenyeji naye humkaribisha.

"Ni mtu hapa, mzee," akasema yule mgeni. "Samahani, namtafuta Ama ni Sinag."

Msuka makuti alichungulia kutoka juu. Aliona koti. Akadhani ni mtego, wamekuja kumpima kama bado anaitika jina lililokatazwa. Na chini ya hofu hiyo, ndugu zangu, ilikuwepo nyingine asiyoitaja: mwaka mzima hakuna aliyemwita hivyo, na lile kovu lilipoguswa, likauma kama jana.

"Hapa anakaa Pahardo," akasema.

"Basi nionyeshe alikohamia, mzee. Nimetoka mbali."

"Hakuhamia popote. Alishakufa huyo."

Mgeni alivua kofia. Akasimama pale chini kidogo, maji ya mvua yakimdondokea kutoka kwenye ukingo wa makuti. Akasema, "Nilikuwa na maneno yake. Lakini maneno ya mtu hayaachwi kwa mtu mwingine. Ubaki salama, mzee." Akaenda zake akichechemea.

Msuka makuti alirudi kwenye kazi yake. Alisuka kuti moja. La pili mikono ikasimama yenyewe.

Kwa maana aliwaza, karani angekuja na kitabu, na huyu hana kitabu. Tena karani angemtaja mwanangu kwa jina la ubatizo, maana ndilo lililoandikwa. Kitabu cha serikali hakina Sinag. Cha padri hakina Sinag. Hilo jina halimo popote duniani ila vinywani mwa watu wa kijiji hiki. Mtu wa bandarini amelitoa wapi?

Mnaona mnavyonitazama? Ninyi mmekwisha jua. Naye alijua. Alilitoa kinywani mwa Sinag mwenyewe! Ni nani angemtafuta bado kwa jina lile? Ni yule aliyeondoka kabla majina hayajabadilishwa. Ni yule ambaye hakupata habari ya Fajardo.

Mzee hakushuka ngazi, alianguka nayo. Alikimbia mtoni huku anaita, na alichokuwa anaita ni jina lake mwenyewe, "Mimi ndimi! Ama ni Sinag ndimi!" Watu walitoka madirishani. Mama wa mikate alishika kichwa. Mtoni palikuwa na maji tu, mto umejaa kwa mvua, ngalawa imekwisha kuchukuliwa na mkondo.

Alikwenda kwa miguu. Siku tatu, peke yake, na kila aliyekutana naye njiani alimuuliza habari za ngalawa. Alipofika bandarini akamuulizia kibarua anayechechemea, akaelekezwa kwenye nyumba ya wagonjwa, na mlinzi wa mlangoni akamuuliza jina.

"Pahardo," akasema, kwa mazoea ya woga. "Namtafuta mwanangu."

Mlinzi akapitisha kidole kitabuni. "Hakuna mgonjwa wa jina hilo. Vibarua wote waliandikiwa majina ya herufi ya hapa."

Uani alikuwapo mtu anayefagia, anachechemea. Mzee alimwona. Akakusanya sauti yake yote, mbele ya mlinzi na kitabu chake, akasema lile neno lililokatazwa. "Mimi ni Ama ni Sinag."

Yule mtu aliacha kufagia. Alimtazama sana.

"Wewe ndiwe uliyeniambia amekufa," akasema.

"Ndimi."

"Mzee, aliumwa kifua miezi miwili. Merikebu ilimshusha hapa ikamwacha. Kila siku alisema hawezi kufa, baba yake atakuja. Tukamwambia baba yake hajui aliko, ndipo akanituma. Nilirudi juzi, nikampa majibu yako. Nilifanya vibaya?"

Mzee akaketi chini pale pale uani.

"Aliuliza mara mbili, 'Umemuuliza kwa jina lenyewe?' Nikamwambia ndiyo, kwa jina lenyewe. Akasema, 'Basi kweli amekufa. Baba yangu angekuwa hai, angeitika.' Kisha akageukia ukutani. Tumemzika jana."

Ndugu zangu, mfano wangu umeishia hapo. Najua mnachongoja. Mnangoja niseme mkataa kwao ni mtumwa, niwalaumu Wahispania, tuimbe, tuondoke. Wahispania nawalaumu. Walimchukua mtoto wa watu na hawakumrudisha, na damu hiyo itaulizwa mikononi mwao. Lakini nitazameni usoni. Nani alimwambia mjumbe kwamba Amani Sinag amekufa? Karani hakuwepo asubuhi ile. Majirani zake wote walikuwa na karatasi kama yake, na bado waliitana majina yao. Mgeni alimpa jina la pili. Aliyelizika la kwanza ni yeye mwenyewe, na alilizika kwa sababu lilikuwa linamuuma.

Na sisi je? Mimi na wewe? Kuna jina ambalo ukiitwa moyo unakatika, ukaamua usiitwe tena. Mama uliyemfukuza binti yako, na tangu hapo mtu akikuita Mama Fulani unasema mimi nina watoto wawili tu. Baba unayejua una mtoto mahali, na ukiulizwa unasema simjui. Wewe uliyeacha kuomba kwa sababu uliomba miaka sita hukujibiwa, na sasa unasema yule aliyekuwa anaomba alishakufa, nimepumzika. Tunajipa vyeo, tunajipa shughuli, kila mmoja na Fajardo wake. Si kwamba sisi ni waovu. Tumechoka kungoja, na kungoja kunauma.

Lakini yule aliyeko mbali hajui kama umebadilisha jina. Atakutafuta kwa lile lile analolijua. Atamtuma mtu ambaye huenda amevaa koti usilolipenda, anachechemea, amelowa. Na huyo hatakuja na kitabu. Atasimama chini ya ngazi aseme, "Ni mtu hapa."

Kabla hatujatoka, kila mmoja avute kumbukumbu: ni nani amekuulizia wiki hii, nawe ukasema hayupo? Wenye simu, leo nawaruhusu muwashe simu humu humu kanisani. Mwitikieni.